Sauti Nyuma ya Ubao Mweusi

Mwaka 2004, Nadia, msichana wa darasa la saba mjini New Orleans, alikwama kwenye hesabu za kubadili vipimo. Binamu yake Salman Khan, mchambuzi wa uwekezaji aliyeishi Boston, akajitolea kumfundisha kwa simu, huku wote wawili wakiandika kwenye ubao mmoja wa mtandaoni. Nadia akashika somo. Ndugu wengine waliposikia wakataka nao kufundishwa, na jioni za Khan zikawa hazitoshi.

Novemba 2006 akaanza kurekodi masomo yake kwa video. Programu za kunasa kinachotokea kwenye skrini pamoja na sauti hazikuwa ngeni. Lotus ScreenCam ilikuwapo tangu miaka ya 1990. Kilichokosekana ni mahali pa kuzitundika video hizo ili yeyote azitazame bure, na YouTube, iliyozaliwa 2005, ikaziba pengo hilo. Watumiaji wa kawaida hawakuruhusiwa kupandisha video inayozidi dakika 10, basi masomo yakawa mafupi. Sura ya Khan haikuonekana: ni ubao mweusi, wino wa rangi, na hesabu ikijengwa hatua kwa hatua.

Ndugu zake walimwambia kwamba wanampenda zaidi kwenye YouTube kuliko ana kwa ana. Walikuwa na haki. Mtoto huona haya kumwomba mtu mzima arudie jambo lile lile mara ya tatu, lakini video huirudisha nyuma atakavyo, bila kukunjiwa uso.

Mwaka 2007, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Woodland Park, Colorado, nao walianza kurekodi masomo yao. Wanafunzi wao walikosa vipindi kwa sababu ya safari ndefu za kwenda kwenye michezo. Baadaye waliwapa wanafunzi wote video wazitazame nyumbani, na muda wa darasani wakautumia kwa maabara na maswali. Hili ndilo tunda kubwa kuliko yote: rekodi ilimwachia mwalimu nafasi ya kukaa karibu na anayesumbuka.

Khan naye aliacha kazi yake ya uwekezaji 2009 ili ajikite kwenye masomo hayo. Mwaka uliofuata Google iliipa Khan Academy, taasisi aliyoianzisha kwa ajili ya video zake, dola milioni 2.

Kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, Desemba 2012 ilitolewa KA Lite, programu huria iliyowezesha video hizo kuhifadhiwa kwenye kompyuta moja ndogo na kusambazwa darasani bila mtandao.