Tamal

Tamal (wingi: tamales) ni chakula cha Meksiko kinachotengenezwa kwa unga wa mahindi uliokandwa, ukajazwa nyama, maharage, pilipili au matunda, ukafungwa kwa maganda ya mahindi au majani ya mgomba, kisha ukapikwa kwa mvuke. Jina latokana na tamalli, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Wahispania walilifupisha kuwa tamal. Wasemaji wa Kiingereza wakauchukua wingi wake, wakakata herufi ya mwisho na kupata tamale, umbo ambalo Wameksiko wenyewe hawalitumii.

Tamalli limo pia ndani ya nixtamal, pamoja na nextli, yaani majivu. Nixtamal ni mahindi yaliyochemshwa katika maji ya chokaa au majivu, na huu ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa kabisa wa jikoni. Ngozi ya punje hulegea, unga hushikamana, na vitamini ya niasini hufunguka hata mwili uweze kuitumia. Mahindi yalipoenea Ulaya bila maarifa hayo, maskini waliokula karibu mahindi matupu waliugua pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa niasini.

Katika karne ya 16 mtawa Bernardino de Sahagún aliandika juu ya aina nyingi za tamales zilizouzwa sokoni. Leo ni desturi kuzila tarehe 2 Februari, sikukuu ya Candelaria. Katika eneo la Huasteca hupikwa zacahuil, tamal kubwa inayotosha kulisha makumi ya watu.