Rangi Mbili za Gari

Gari la Nairobi linaweza kuwa na rangi mbili. Kuna ile iliyoandikwa kwenye logibuku, na kuna ile unayoiona likikupita Jogoo Road. Zamani hizi mbili zilifanana. Siku hizi ukikutana na Subaru nyeusi isiyong'aa hata chembe, ama Vitz ya zambarau inayogeuka kijani ukiizunguka, usishangae kuambiwa kwamba chini yake kuna gari jeupe la kawaida, lile lile lililoshushwa melini Mombasa kutoka Japani. Halikupulizwa rangi. Limevishwa. Mafundi wetu huliita vazi hilo stika. Wanaolitengeneza huliita vinaili: plastiki nyembamba kama karatasi, yenye gundi mgongoni, inayobandikwa mwili mzima kuanzia boneti hadi buti.

Wengi huichukulia stika kama urembo tu, pesa za vijana zikitafuta mahali pa kupotelea. Mimi naiona tofauti. Nikifuatilia ilikotoka, nakutana na mtu mwenye mamlaka akimwambia mwenye gari: gari lako lazima lifanane hivi. Stika ni jibu la mwenye gari. Na hapa Nairobi, ambapo serikali iliwahi kufuta michoro ya mji mzima kwa tarehe moja, jibu hilo lina uzito wake.

Tuanze na plastiki yenyewe. Mwaka wa 1926, mwanakemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Ohio, Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kushikanisha mpira na chuma. Akaipasha moto PVC, plastiki iliyojulikana tayari lakini ngumu na isiyo na kazi nyingi, ndani ya kemikali za kuilainisha. Gundi hakuipata. Alipata kitu laini, kinachopinda na kurudi, kisichopitisha maji. Kikawa makoti ya mvua, kikawa vitambaa vya meza, kikawa ngozi bandia ya viti. Baadaye jamii hiyo hiyo ya plastiki ikawa santuri, zile ambazo babu zetu walichezea rumba.

Magari yalikuja kuvishwa miaka mingi baadaye, na walioleta haja hiyo ni wenye teksi wa Ujerumani. Kuanzia 1971, sheria ya Ujerumani Magharibi ilitaka teksi ziwe na rangi moja, ile ya pembe ya ndovu iliyofifia, ili zitambulike kwa urahisi. Kwa abiria, poa. Kwa mwenye teksi, hasara. Akitaka kuuza Mercedes yake baada ya miaka michache, ni familia gani itanunua gari lenye sura ya teksi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Uingereza, Kay Premium Marking Films, ikaombwa kutengeneza plastiki ya kushika nafasi ya rangi. Basi mwenye teksi akawa ananunua gari jeusi ama la buluu, analivisha rangi ya sheria, analifanyia kazi, na siku ya kuliuza anabandua. Chini yake rangi ya kiwandani ilikuwa ikimngojea, haijaguswa na jua wala vijiwe vya barabarani.

Tazama ujanja huo vizuri. Sheria imetiiwa kikamilifu, na bado gari halijasalimu amri. Plastiki hiyo ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: ilibadilisha sura na ikalinda kilichokuwa chini. Miaka hiyo hiyo printa kubwa za kompyuta zilikuwa zimeanza kuchapa picha za ukubwa wa ukuta, na wafanyabiashara hawakulala. Mwaka wa 1993 Pepsi ilifunika mabasi ya mji wa Seattle kutangaza kinywaji chake, Crystal Pepsi. Hata madirisha yakafunikwa, kwa plastiki yenye vitobo vidogo vidogo: aliye nje anaona tangazo, aliye ndani anaona barabara.

Kwetu amri ya rangi ilikuja kupitia matatu, na ilikuja kabla stika haijazoeleka. Hapo ndipo uchungu wa hadithi hii ulipo.

Jina matatu linatokana na nauli: sarafu tatu za senti kumi kumi, mang'otore matatu kwa Kikuyu. Yalikuwa magari ya wizi wa njia, yakinyemelea abiria wa Kenya Bus Service, kampuni iliyokuwa na mabasi mjini tangu 1934. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa tamko lililoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalum ya uchukuzi. Ushindani ukaanza, na mwenye gari akagundua kwamba abiria wa Nairobi huchagua kwa macho na masikio. Kufikia miaka ya 1990 manyanga yalikuwa maonyesho ya sanaa yenye magurudumu. Kulikuwa na wanamuziki, wachezaji mpira, manabii, maneno ya Sheng, na mafumbo kwa wanasiasa ambayo gazeti lisingethubutu kuyachapa. Ukanda wa Pwani una leso, na kila leso ina jina lake, msemo unaomfikia anayehitaji kuusikia bila mvaaji kufungua mdomo. Mathree zilikuwa leso za Nairobi.

Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono, juani, katika gereji za Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na kwingineko mjini. Msanii alipiga msasa, akapaka rangi ya chini, akachora kwa chaki, kisha akaanza na brashi ama bomba la kupulizia. Vumbi likipita, alingoja. Mvua ikija, alifunika na turubai akangoja tena.

Kisha ikaja Notisi ya Sheria nambari 161 ya mwaka wa 2003, ambayo hakuna anayeiita hivyo. Tunaziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki. Zilianza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Mikanda kila kiti, kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, sare za dere na konda, na mstari wa manjano ubavuni. Sitadanganya: mengi ya hayo yalikuwa mema. Ajali zilikuwa zimetuchosha, na hakuna aliyelilia kubanwa watu ishirini ndani ya Nissan ya kumi na wanne. Lakini pamoja na hatari, michoro nayo ilifagiliwa. Sijawahi kusikia maelezo ya jinsi picha ya mwanamuziki ubavuni inavyoua abiria.

Nilikuwa mtoto Umoja wakati huo. Watoto wa mtaa hatukujua magari kwa nambari ya usajili. Tulijua lile la simba, lile la mabawa, lile la mtu mwenye miwani. Ghafla stejini yakajipanga meupe matupu yenye mstari wa manjano, kama wanafunzi waliosimamishwa gwaride. Mama yangu alifurahi kwa sababu ya mikanda. Mimi sikujua nipande lipi.

Hapa ndipo Nairobi inapoachana na wale wa Ujerumani. Mwenye teksi wa kule alifunika, na kilichofunikwa kikabaki salama. Sisi tulipaka rangi juu ya rangi. Chini ya ule weupe hakukuwa na kitu cha kubanduliwa. Mchoro uliopigwa msasa umekwisha, na magari yenyewe mengi yao yamekwisha kuuzwa kama vyuma kuukuu. Kazi ya kizazi kizima cha wasanii imebaki kwenye picha chache za albamu za familia, ambapo matatu imetokea kwa bahati nyuma ya bibi harusi.

Mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwataka polisi waache kuyasumbua matatu kwa sababu ya michoro, akitetea vijana wanaopata riziki kwayo. Nganya zikarudi kwa kishindo, Rongai, Umoja, Buruburu. Lakini zilirudi na ngozi nyingine. Msanii wa sasa huchora kwenye kompyuta, printa huchapa, na mafundi hubandika ndani ya chumba kisicho na vumbi: wanaosha gari kwa sabuni, wanalipangusa kwa spiriti, wanalainisha plastiki kwa hewa moto, wanaisukuma kwa kipande cha plastiki chenye kitambaa ukingoni ili hewa itoke. Brashi na bomba havijatoweka, nganya kali bado huunganisha vyote, ila kazi kubwa imetoka juani ikaingia kwenye umeme. Mzee mmoja niliyemkuta Grogan, mchoraji tangu enzi za manyanga, aliniambia kwamba siku hizi huitwa zaidi kuziba mikwaruzo kuliko kuchora. Hakulalamika. Alisema hivyo huku akichanganya rangi.

Ujue pia kwamba stika si dawa. Haifichi kutu wala bodi iliyobonyea. Inafuata kila kasoro kama kitambaa cha nailoni. Gari lililopulizwa rangi ovyo linaweza kubanduka na rangi yake yote. Kuna plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji ikakauka taratibu, nyembamba, inayokumbatia kona. Na kuna ile ya bei nafuu inayokandamizwa kwa rola za moto, ambayo kila siku inataka kurudi ilivyokuwa, hivyo inasinyaa na kuinuka pembeni. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hatua chache kutoka ikweta, na jua letu halina mchezo: boneti na paa huanza kupauka kabla ya milango. Ukiichelewesha sana inakauka na kuvunjika vipande vipande, gundi ikibaki. Na ukibadilisha rangi, iwe kwa plastiki ama kwa bomba, NTSA inahitaji kujua, kwa sababu karao akishika logibuku inayosema nyeupe na mbele yake kuna gari jekundu, una maelezo ya kutoa.

Novemba 2018 serikali ilianza tena kukaza sheria za Michuki, na magari mengi yakakimbilia mstari wa manjano. Ukikagua mistari hiyo leo utaona mingi si rangi. Ni utepe wa kubandika. Somo la teksi za Ujerumani lilikuwa limefika bila mtu kulifundisha: mtii mwenye mamlaka kwa kitu kinachobanduka. Wanasiasa wenyewe wanalijua. Mwaka wa 2022 nyuso zao zilijaa kwenye magari ya kampeni, na baada ya Agosti zikabanduliwa moja moja, washindi kwa walioshindwa, magari yakarudi kuwa magari.

Basi hofu yangu ni hii. Stika imewapa wenye magari uhuru ambao rangi haikuwapa, lakini imezoesha mji kusahau haraka zaidi. Mchoro wa nganya ukichosha macho, unabanduliwa asubuhi, unafinyangwa kama mpira, unatupwa. Hata kuirejeleza plastiki hiyo ni shida kwa sababu ya gundi yake.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo manyanga hayakuwa nalo. Kila stika ilianza kama faili. Mahali fulani, kwenye kompyuta ya msanii, kuna kila ubavu wa kila nganya iliyowahi kuvishwa, kwa ukubwa wake kamili, rangi zake hazijapauka. Mkikusanya faili hizo mnayo historia ya mitaa yetu: tulimpenda nani, tulimcheka nani, tulimlilia nani. Kinachokosekana ni mtu wa kuziomba kabla kompyuta haijaharibika ama kuuzwa, na kuandika pembeni jina la aliyechora na nambari ya njia.

Ukitaka kujua kwa nini naamini inawezekana, tafuta pikapu kuukuu iliyokuwa ya kampuni ikauzwa. Stika imeshabanduliwa, lakini simama pembeni jua likiwa la jioni, utasoma jina la zamani ubavuni, herufi kwa herufi. Mahali palipofunikwa rangi imebaki mpya, na kwingine kote imepauka. Mnunuzi hujaribu kusugua asifaulu, kwa sababu hakuna uchafu pale. Ni rangi tu iliyolindwa vizuri.