Kuchagua Chuo cha Sayansi ya Kompyuta katika Nyanda za Juu Kusini: Mbeya na Iringa, 1986–2021

Katika maandishi mengi kuhusu elimu ya juu nchini Tanzania, uchaguzi wa chuo huelezwa kana kwamba ni tendo la mwombaji peke yake: kijana aliyehitimu kidato cha sita hupima ada, umbali na sifa ya chuo, kisha huamua. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaficha jambo ambalo historia ya Mbeya na Iringa inalionyesha waziwazi. Kabla mwombaji hajaandika jina la chuo cha kwanza katika fomu yake, chaguzi nyingine zilikuwa zimekwisha kufanywa na wengine: serikali iliyoamua kompyuta ziingie nchini lini, kanisa lililoamua kufungua kitivo gani, na tume iliyoamua chuo kipi kiendelee kudahili. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba chaguzi hizo za awali ndizo zilizoipa miji hii miwili sura mbili tofauti za somo moja, na kwamba mwombaji huchagua baina ya sura hizo zaidi kuliko baina ya majina ya vyuo.

Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka kumi kabla serikali haijapiga marufuku, mwaka 1974, uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mitambo ya Hazina kugharimu mno na kushindwa kutoa kilichotarajiwa. Marufuku hiyo ililegezwa polepole. Nchi ilikuwa bado haijatoka vema katika kivuli chake pale Chuo cha Ufundi Mbeya kilipoanza mwaka 1986 kwa msaada wa Umoja wa Kisovyeti. Fani zake za mwanzo zilikuwa ujenzi, umeme na mitambo. Sayansi ya kompyuta haikuwamo. Hilo halishangazi. Mbeya ya wakati huo ilikuwa mji wa reli ya TAZARA, wa barabara kuu iendayo Zambia, wa kiwanda cha saruji na kiwanda cha Zana za Kilimo, na mji wa namna hiyo ulihitaji mafundi sanifu kabla ya kuhitaji waandishi wa programu.

Chuo hicho kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia Mbeya mwaka 2005, kisha kikapandishwa hadhi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, maarufu kwa kifupi MUST, mwaka 2012. Majina mawili mapya ndani ya miaka saba yangeweza kumfanya mtafiti adhani kwamba chuo cha zamani kilizikwa na kipya kikazaliwa. Sivyo ilivyokuwa. Karakana zilibaki, stashahada zilibaki, na hata mpangilio wa masomo uliendelea kubeba alama ya asili yake: katika chuo hiki uhandisi wa kompyuta na sayansi ya kompyuta hufundishwa bega kwa bega, na mwanafunzi wa stashahada hukaa kampasi moja na wa shahada. Kwa kijana aliyetoka kidato cha nne akapitia stashahada badala ya kidato cha tano na cha sita, ngazi hiyo ni ya thamani kubwa, kwani inamruhusu kupanda bila kuuacha mlango alioingilia. Kwa hiyo mtu anapochagua Mbeya huwa anachagua pia, ajue asijue, ukoo wa ufundi ambamo kompyuta ni kwanza kifaa cha umeme.

Iringa iliingia kwa mlango mwingine kabisa. Chuo cha Kilutheri kilichoanza huko katika muongo wa 1990, ambacho baadaye kilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Tumaini chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kilijulikana kwa theolojia, sheria, biashara na uandishi wa habari. Hakikuwa na karakana ya kurithi. Kilipofungua shahada ya teknolojia ya habari mwaka 2007, kilikuwa na uhuru ambao Mbeya haikuwa nao: kuuliza upya somo lenyewe ni nini. Swali hilo liliulizwa kwa uzito usio wa kawaida. Katika makala waliyochapisha mwaka 2009, Matti Tedre, mwanazuoni wa Kifini aliyefundisha hapo, pamoja na Nicholas Bangu na Seth Nyagava, walitetea mtaala unaoanzia katika mazingira ya Tanzania badala ya kunakili mitaala sanifu iliyotungwa na vyama vya wanataaluma vya ACM na IEEE. Mitaala hiyo sanifu hudhania umeme usiokatika, mtandao wa kuaminika, na idara zenye wataalamu tofauti kwa kila kazi. Mhitimu anayeajiriwa katika hospitali ya wilaya au ofisi ya halmashauri hukutana na hali nyingine: yeye huwa ndiye fundi, ndiye msimamizi wa mtandao, ndiye mnunuzi wa vifaa na ndiye mwalimu wa wenzake.

Inafaa kukaa kidogo na hoja hiyo, kwa sababu ndiyo fikra ya asili zaidi iliyopata kutolewa kuhusu elimu ya kompyuta katika Nyanda za Juu Kusini, na kwa sababu ina ncha mbili. Upande mmoja, ilimheshimu mwanafunzi kwa kukataa kumwandaa kwa ajira ya mahali asipokuwapo. Upande wa pili, ilimtwika hatari. Shahada iliyofumwa kufuata mahali huenda isisomeke vema mbali na mahali hapo, na mhitimu anayetaka kuendelea na shahada ya uzamili ng’ambo huulizwa alisoma nadharia kiasi gani na hisabati kiasi gani. Watunzi wa mtaala hawakuwa wajinga wa mvutano huu, lakini waliobeba uzito wake walikuwa waombaji, ambao katika kitabu cha mwongozo wa udahili waliona maneno matatu tu: teknolojia ya habari. Katika mji huohuo, Chuo cha Ruaha, kilichoanzishwa mwaka 2005 chini ya Kanisa Katoliki kama chuo kishiriki cha Mtakatifu Augustino, kilitoa shahada iliyobeba jina la sayansi ya kompyuta. Hivyo mwombaji wa Iringa alikuwa na majina mawili mbele yake bila kuelezwa tofauti ya yaliyomo.

Namna ya kuomba nayo ilibadilika, na kila badiliko lilibadilisha maana ya neno kuchagua. Hadi mwaka 2010 mwombaji alipeleka maombi chuo kimoja kimoja. Kisha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ikaanzisha udahili wa pamoja, ambapo kijana alipanga machaguo yake kwa mfuatano na mfumo ukampangia. Mwaka 2017 maombi yakarudishwa vyuoni. Katika mfumo wa pamoja chuo cha Mbeya na cha Iringa vilisimama katika orodha moja na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 kikiwa na ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, na mwombaji angeweza kujikuta kaskazini ya Mto Ruaha Mkuu kwa chaguo lake la tatu. Baada ya 2017 uzito ulirudi kwa familia: kila chuo kinachoombwa kina ada yake ya maombi, na idadi ya machaguo ikawa sawa na idadi ya ada zinazomudika.

Hofu kubwa zaidi katika kipindi hiki, hata hivyo, ilitoka Songea. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu kilikuwa na chuo cha teknolojia ya habari huko, na mwanzoni mwa mwaka 2016 Tume ikafuta kibali chake. Wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Mwaka uliofuata Tume ilivizuia vyuo 19 nchini kudahili wanafunzi wapya. Tangu hapo swali la kwanza la mzazi wa Njombe au Ruvuma halikuwa tena chuo kinafundisha nini, bali kama kitakuwapo hadi mwaka wa tatu. Chuo cha umma kilipata hapo sifa ambayo haikuifanyia kazi darasani.

Liko pia chujio la awali kuliko yote, nalo ni hisabati. Anayeingia kidato cha tano katika tahasusi ya PCM, PGM au EGM amekwisha kujiwekea njia; wa HGL amekwisha kuifunga, na huwa na miaka kumi na saba au kumi na minane tu. Kwa maana hiyo chuo kilichoathiri sana udahili wa kompyuta katika kanda hii huenda ni Mkwawa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichoanzishwa Iringa mwaka 2005 ili kuandaa walimu, wakiwamo wa hisabati na fizikia.

Mwaka 2021 serikali ilianza mradi wa mageuzi ya elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, uliolenga taasisi za umma. Mbeya ilipata sehemu yake kupitia MUST. Iringa fedha hizo zilifika kupitia Mkwawa. Vyuo viwili vya makanisa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vimeanza kutoa shahada za kompyuta mjini humo, havikuwamo.