Mwenye Ukumbi Ndiye Mlipaji: Haki za Muziki Kutoka Mkahawani hadi Kwenye Gemu

Kijana wa Plateau, kituo kilicho nje ya jiji la Eldoret katika Kaunti ya Uasin Gishu, hahitaji gitaa ndipo apige muziki mbele ya hadhira. Simu na bando zinamtosha. Katika gemu ya Sky: Children of the Light, iliyotoka mwaka wa 2019 kwa simu za iPhone na mwaka uliofuata kwa simu za Android, mchezaji hushika kinubi au piano, akagusa vitufe vilivyopangwa kwenye kioo, na wachezaji wenzake kutoka nchi asizowahi kufika wakamzunguka kumsikiliza. Akipenda, atapiga wimbo aliotunga mwenyewe. Lakini mpigaji anayetaka hadhira isimame hupiga wimbo ambao watu wanaujua, na wimbo unaojulikana aghalabu una mwenyewe.

Basi mtunzi wa wimbo huo alipwe na nani? Kijana aliyeupiga, au kampuni iliyotengeneza gemu? Vijana wengi hulichukulia swali hili kuwa la zama za intaneti. Ukweli ni kwamba limekuwa likiulizwa kwa zaidi ya miaka 170, tangu enzi za taa za mafuta, na kila liliporudi kwa sura mpya, jibu limeelekea upande ule ule.

Deni la mkahawani

Mwaka wa 1847, mtunzi Mfaransa Ernest Bourget aliketi katika mkahawa wa Les Ambassadeurs jijini Paris, akaagiza kinywaji, akasikia wimbo wake ukipigwa. Alipoletewa hesabu alikataa kulipa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: ikiwa mkahawa unatumia kazi yake bure, naye atatumia kiti na kinywaji chao bure. Kesi ilifika mahakamani na Bourget akashinda. Kutokana na ushindi huo, watunzi wa Ufaransa waliunda chama cha SACEM mwaka wa 1851, kikawa na kazi ya kuzunguka kumbini kukusanya mirabaha kwa niaba ya wanachama. Waingereza waliunda chao, Performing Right Society, mwaka wa 1914, na Wamarekani wakaunda ASCAP mwaka huo huo.

Kule Marekani, mkahawa wa Shanley's wa New York ulijitetea kwamba wateja wake hulipia chakula, hawalipii muziki. Mwaka wa 1917, katika kesi iliyoletwa na mtunzi Victor Herbert, Mahakama ya Juu ilikataa utetezi huo. Jaji Oliver Wendell Holmes alieleza kwamba muziki ni sehemu ya kile ambacho mteja anakifuata mkahawani; kama haungemletea mwenye mkahawa faida yoyote, angeuacha.

Katika kesi zote mbili, aliyedaiwa ni mwenye ukumbi. Ndiye aliyefungua mlango, ndiye aliyepokea pesa, na ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuchukua leseni moja ikawafunika wapigaji wote wanaopanda jukwaani kwake.

Katikati ya matukio hayo paliibuka ubishi mwingine unaoihusu gemu moja kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya 20, piano zinazojipiga zenyewe zilisambaa Marekani. Zilikuwa zikisoma karatasi ndefu yenye matundu. Mwaka wa 1908 Mahakama ya Juu iliamua kwamba karatasi hiyo haikuwa nakala ya wimbo, kwa kuwa ni mashine tu iliyoweza kuisoma. Watunzi walilalamika, na mwaka mmoja baadaye bunge likabadilisha sheria: kila karatasi ikatozwa senti 2 za mtunzi. Tangu hapo ilikubalika kwamba maelekezo yanayoiambia mashine noti za kupiga ni matumizi ya utunzi wa mtu, hata kama hayana sauti ndani yake.

Kutoka London hadi Kenya

Kenya ilirithi sheria ya hakimiliki kutoka kwa mkoloni, ikiwemo ile ya Uingereza ya mwaka 1911. Sheria yake yenyewe ya kwanza ilitungwa mwaka wa 1966. Hata baada ya uhuru, mirabaha ya maonyesho iliendelea kusimamiwa na chama cha London kupitia mawakala, hadi mwaka wa 1983 ilipoundwa Music Copyright Society of Kenya, MCSK.

Muziki wenyewe haukungoja sheria. Fadhili William alirekodi "Malaika" mwaka wa 1960, ukaja kuimbwa na Miriam Makeba na kundi la Boney M, ukazunguka dunia. Ubishi kuhusu nani hasa aliutunga, wengine wakimtaja Adam Salim, haujaisha hadi leo. Ni funzo chungu kwamba wimbo unaweza kutajirisha nusu ya dunia huku nyumbani watu wakigombania jina la mwenyewe.

Huku Bonde la Ufa, Raphael Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et waliweka msingi wa muziki wa gitaa kwa lugha ya Kalenjin. Nyimbo zake hazijazimika tangu alipofariki mwaka wa 2007. Kwa kuwa sheria ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, tungo zake zina mwenyewe hadi mwisho wa 2057. Anayezipiga kwenye baa ya Eldoret au kwenye gemu anatumia mali ya familia iliyo hai.

Sheria inayotumika sasa ilipitishwa mwaka wa 2001 na kuanza kazi mwaka wa 2003. Ndiyo iliyounda Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 40, ikaiagiza serikali kulinda haki za ubunifu. Wimbo mmoja uliorekodiwa una haki za watu watatu ndani yake: mtunzi, ambaye kwa miaka mingi amewakilishwa na MCSK, mtayarishaji wa rekodi, kupitia KAMP, na msanii aliyeimba au kupiga ala, kupitia PRISK. Mwenye matatu, baa, hoteli au saluni anayecheza muziki kwa wateja anatakiwa kuwa na leseni. Tena hapa Kenya, kama kule Paris, anayesakwa si mwimbaji wa kava aliyeshika gitaa kwenye kona. Ni mwenye baa.

Tatizo letu halijawahi kuwa sheria peke yake. Mwaka wa 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni ikaipa chama kingine, MPAKE. Mwaka uliofuata, mahakama ya Kakamega ikaifuta leseni ya MPAKE. Wakati vyama vikivutana, msanii wa kijijini aliendelea kupokea hundi isiyotosha nauli ya kwenda kuichukua. Hata hivyo, hatua zimepigwa. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliweka kwenye sheria kwamba msanii apate asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya milio ya simu, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mpatanishi anayeleta muziki asilimia 8.5. Bunge lilitambua kwamba simu imekuwa ukumbi, na mwenye ukumbi akaambiwa agawe.

Jukwaa jipya

Ukumbi mwingine ulikuwa umeshafunguliwa. Mwaka wa 2003 gemu ya Star Wars Galaxies iliwaruhusu wachezaji kuwa wanamuziki wa kwenye baa za kubuniwa, ila waliteua tu midundo iliyotayarishwa na kampuni. Mwaka wa 2007 ilitoka The Lord of the Rings Online, ambapo mchezaji huandika noti za wimbo katika faili la maandishi, na ala yake ikazipiga mbele ya wote waliopo. Bendi za wachezaji zikaundwa, na matamasha yakafanyika ndani ya gemu.

Faili hilo ni ile karatasi ya matundu ya 1908 iliyorudi kwa njia nyingine. Halina sauti ya Kipchamba wala gitaa la Fadhili. Lina noti zao. Kwa hiyo mtayarishaji wa rekodi na mwimbaji wa awali hawana dai hapo. Mwenye dai ni mtunzi, ambaye ndiye mara nyingi husahaulika.

Pesa zilipoonekana, mashauri yakafuata. Mwaka wa 2020 mtandao wa Twitch, unaorusha watu wakicheza gemu moja kwa moja, ulifurikwa na malalamiko ya wenye muziki, na wachezaji wengi wakalazimika kufuta video zao za miaka iliyopita. Juni 2021 wachapishaji wa muziki wa Marekani waliishtaki Roblox, gemu inayopendwa na watoto kote duniani, wakidai angalau dola milioni 200. Septemba mwaka huo pande hizo zilipatana, na mwezi huo huo Twitch nayo ikafikia makubaliano na wachapishaji hao. Mwaka wa 2022 Roblox ilizifungia matumizi ya wazi sauti zote zilizopakiwa na wachezaji zinazozidi sekunde 6. Watoto hawakupelekwa kortini. Wenye ukumbi ndio walioitwa mezani.

Lakini meza hiyo ilikuwa ya wachapishaji wa Marekani, na mtunzi wa Uasin Gishu hakuwa na mtu wa kumsemea. Marekebisho ya sheria yetu ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa kuwaandikia watoa huduma za intaneti waondoe kazi iliyoibwa. Hiyo ni nusu ya dawa. Kuondoa wimbo humzuia anayeutumia bure, lakini hakumlishi mtunzi, na kunamnyima kijana nafasi ya kuueneza muziki wa kwao kwa watu ambao wasingeusikia popote.

Nyimbo za jadi nazo zisisahauliwe. Kukosa mtunzi anayejulikana kwa jina si kukosa mwenyewe. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inaipa jamii haki juu ya urithi wake, na kampuni ya kigeni inayotaka kuupamba ukumbi wake kwa nyimbo za Wakalenjin inapaswa kuzungumza na wenyewe.

Kinachohitajika kinajulikana. KECOBO na vyama vya mirabaha viwafuate wenye gemu kama vinavyomfuata mwenye baa, vidai leseni ya jumla inayowafunika wachezaji wote, na vitangaze hadharani nani amelipwa nini. Mtunzi asajili kazi zake na kuweka maandishi ya nani alitunga nini, maana haki huzaliwa wimbo unaporekodiwa au kuandikwa, ila pesa hufuata jina lililoandikwa. Kijana naye, anapopiga wimbo wa mwingine mbele ya wasikilizaji, alitaje jina la mtunzi. Hilo halimgharimu chochote, na sheria yenyewe inamtambua mtunzi kuwa na haki ya kutajwa.

Mzazi wa Plateau asimnyang'anye mtoto simu kwa kupiga wimbo wa Kipchamba mbele ya wageni wa dunia nzima. Deni lipo, na ni la kampuni inayopata faida kwa kila anayesimama kusikiliza. Wajibu wa kulidai ni wetu.