Dhahabu Iliyosomwa: Kutoka Dinari za Dameski hadi Sultani wa Kilwa

Hapa Usagara, magari yanapokata kona kwenda Kigongo, Busisi, Sengerema na Geita, mazungumzo ya dhahabu hayaishi. Bei ya gramu imefika wapi, nani kakutana na mwamba mzuri, mnunuzi gani ana mizani ya haki. Sisi wa kanda ya Ziwa tunaijua dhahabu kwa uzito na usafi wake. Lakini karne nyingi kabla Wajerumani hawajaigundua ya Geita mwaka 1898, kwenye pwani ya nchi hii hii dhahabu ilikuwa inasomwa.

Habari yenyewe inaanzia Dameski. Mwaka 77 Hijria, yaani 696 hadi 697 Miladia, Khalifa Abd al-Malik bin Marwan aliondoa picha kwenye dinari. Kabla ya hapo Waislamu walitumia sarafu za Wabizanti zenye sura za wafalme, na yeye mwenyewe kwa miaka michache alitoa dinari yenye umbo la khalifa aliyesimama na upanga wake. Kisha picha zote zikafutwa, yakabaki maneno. Uso mmoja ulibeba shahada ya tauhidi, wa pili maneno ya Suratul Ikhlas, na pembezoni, yakizunguka ukingo, mwaka ambao dinari ilipigwa.

Kazi ya fundi inastahili heshima. Alichonga muhuri kwa herufi zilizogeuzwa, kulia ikawa kushoto, ili nyundo ikishuka juu ya kipande cha dhahabu maandishi yatoke sawa. Nafasi yote aliyopewa ni duara lenye upana wa karibu milimita 20, na uzito wa dinari ni gramu 4.25. Khati ni ya Kikufi: mistari minyoofu, kona kali, nukta hazipo au ni chache mno. Aliyejifunza kwa msahafu wa leo atasumbuka kwanza, kwa sababu bila nukta ba, ta na nun katikati ya neno ni kitu kimoja. Baadaye Wafatimi wa Misri waliyapanga maneno katika duara ndani ya duara, na kwa maoni yangu hakuna sarafu za enzi zile zilizopendeza kuliko zao.

Dinari za Kifatimi zilifika kwetu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo sana, zenye majina ya watawala wa huku huku pwani, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu. Zilifukiwa karne ya 11.

Kilwa nayo ilipiga za kwake, nyingi zikiwa za shaba. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyochaguliwa yapatane kwa kina na jina lile. Ali bin al-Hasan, kwa mfano, jina lake linakamilishwa na kauli ya kumtumaini Mola mwenye neema, na mwisho wa upande huu unaitikia mwisho wa ule. Jambo hili linanigusa kila nikilifikiria. Mtu aliyekwenda sokoni kununua samaki alikuwa ameshika mashairi mkononi.

Dhahabu ya Kilwa haikutoka Geita. Ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, ikapanda vyombo kuelekea kaskazini. Nyingi ilipita tu. Hata hivyo Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga kasri la Husuni Kubwa na kumpokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, alipiga sarafu ya dhahabu kwa jina lake. Wataalamu wametangaza tatu. Sarafu yake ya shaba imeokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Dhahabu ya bara nayo ilipata zamu yake. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, walipiga Tabora sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, yenye tembo mbele ya mlima. Ni nzuri, ila picha ndiyo inayosema, maneno ni machache.

Dinari ya kale ikiyeyushwa inabaki gramu nne za dhahabu, na maandishi yake yamepotea moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa wahusika. Basi ndugu mchimbaji, ndugu sonara, ikikufikia sarafu yenye maandishi usiyoyafahamu, izuie isifike kwenye moto. Itafutie kwanza mtu wa kuisoma.