Marehemu Haandiki Kitabu

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na historia nchini Uganda. Mwaka jana niliandika insha kuhusu kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa. Nakala niliyoazima ilikuwa ya mwaka 2018, nami nikaandika "Rodney (2018)". Kisha nikamlaumu mwandishi kwamba hasemi lolote kuhusu Msumbiji na Angola kupata uhuru mwaka 1975.

Mwalimu aliniita akaniuliza, "Mwanangu, Rodney alifariki lini?" Sikujua. Akanieleza kuwa aliuawa kwa bomu mjini Georgetown, Guyana, tarehe 13 Juni 1980. "Basi marehemu ameandikaje kitabu mwaka 2018?" Nikanyamaza.

Nilirudi maktaba nikasoma ule ukurasa wa mwanzo wenye habari za uchapishaji, ambao siku zote nilikuwa nauruka. Nikatafuta pia matoleo ya zamani. Rodney alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kitabu kilipotoka mwaka 1972, kwa Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Mwaka 1974 Howard University Press ilikitoa Washington. Toleo langu, la Verso, lina dibaji ya Angela Davis ambayo wasomaji wa 1972 hawakuwa nayo.

Mwaka 1972 Wareno walikuwa bado wanatawala Msumbiji na Angola, na vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea. Kumbe nilimshtaki mtu kwa kutosema jambo ambalo lilikuwa halijatokea! Hoja yangu yote ikaanguka.

Tangu siku hiyo naandika miaka yote miwili: "Rodney (1972/2018)". Mwaka wa kwanza unaonyesha mwandishi aliishi na kuwaza wakati gani. Wa pili unaonyesha nakala niliyoishika, kwa sababu namba za kurasa hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na msomaji asipojua toleo hatauona ukurasa ninaomwelekeza. Natofautisha pia toleo na chapa: kitabu kikipigwa chapa tena bila mabadiliko, toleo ni lile lile.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu sisi wanafunzi wa historia, mali ni ushahidi, na daftari ni marejeleo yetu.