Lumeni kwenye katoni ya projekta: hesabu hii ilitoka wapi?

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja. Kikundi cha wazazi au cha vijana kinachanga makuta ili kinunue projekta, watoto waone masomo na filamu jioni. Sokoni wanakuta mashine ndogo ya bei ya chini, katoni inasema lumeni 8000. Pembeni kuna nyingine ya bei mara nne, inasema 3000. Nani atachukua ya 3000? Kisha usiku, mbele ya watoto mia wamekaa chini, picha ya ile 8000 inaonekana kwenye shuka kama moshi. Makuta ya watu yameenda.

Hesabu hiyo ya lumeni ina historia ndefu, na ilianza na mshumaa.

Uingereza, sheria ya gesi ya mwaka 1860 ilipima mwanga kwa mshumaa wa mafuta ya nyangumi, unaowaka karibu gramu 8 kwa saa. Wafaransa wao walikuwa na taa ya Carcel, inayokunywa gramu 42 za mafuta ya mbegu kwa saa. Kila nchi na moto wake, na wafanyabiashara wa taa walibishana bila mwisho. Mwaka 1894 Mfaransa André Blondel alipendekeza kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, akakiita lumeni, neno la Kilatini lenye maana ya mwanga. Mkutano wa Geneva wa 1896 ulikipokea. Mshumaa mmoja wa kawaida unatoa lumeni 12 hivi. Mkumbuke hesabu hiyo.

Wakati huohuo sinema ilikuwa inazaliwa. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu Lumière walionyesha filamu zao Paris, wakitumia taa ya umeme ya vijiti viwili vya makaa. Pale ambapo umeme haukufika, watu walitumia taa za gesi na etha. Tarehe 4 Mei 1897, kwenye soko la hisani mjini Paris, taa ya etha ya chumba cha sinema ilishika moto wakati wa kuijaza. Watu zaidi ya 120 walikufa, wengi wao wanawake. Kutafuta mwanga mkali kumewagharimu watu zaidi ya pesa.

Kwetu Kongo, wazee wanakumbuka sinema ya wamisionari na ya magari ya serikali ya Wabelgiji: shuka jeupe, jenereta inanguruma, watu wanacheka Matamata na Pilipili, filamu za mapadri wa Scheut wa Kasaï. Hakuna aliyeuliza lumeni. Walingoja tu giza, na giza ni nusu ya sinema.

Ubishi ulirudi wakati projekta za video zilipoanza kuuzwa kwa ofisi na shule. Watengenezaji walipima pale katikati ya picha tu, ambapo mwanga ni mkali kuliko pembeni, wakaandika hesabu hiyo kama ya picha nzima. Mwaka 1992 shirika la viwango la Marekani, ANSI, likaweka utaratibu: gawa picha nyeupe katika vyumba 9 vilivyo sawa, pima mwanga katikati ya kila kimoja, tafuta wastani, zidisha kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Hiyo ndiyo lumeni ya ANSI. Mwaka 2005 kikaja kiwango cha kimataifa, ISO 21118, kinachofuata njia hiyohiyo ya vyumba 9.

Lakini kiwango hakimfungi asiyekitaja. Katoni ikisema «lumeni» bila ANSI wala ISO, mwenye kiwanda anaweza kuwa amehesabu mwanga wa balbu kabla haujapita kwenye lenzi, au amejiandikia anavyopenda. Kampuni ya Epson imewashtaki wenzake mahakamani Marekani kwa sababu ya hesabu za namna hiyo. Ni kweli Epson nayo inatetea biashara yake, lakini malalamiko yenyewe yana msingi.

Sasa tupige hesabu yetu. Shuka la mita 3 kwa 2 ni mita 6 za mraba. Ili picha ing'ae kama ndani ya sinema ya mjini, kila mita ya mraba inahitaji lumeni 150 hivi. Jumla 900 za kweli, kwenye giza kamili. Ukipanua shuka mara mbili kila upande, unahitaji mara nne: 3600. Mchana, chini ya turubai, usijaribu hata kidogo. Kivulini nje mwanga wa mchana unafika mara nyingi zaidi ya huo wa projekta, unaimeza picha yote.

Na ile ya lumeni 8000? Geuza mashine au chaja yake, usome wati. Ukikuta wati 60, fikiri: balbu nzuri ya LED ya nyumbani inatoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja. Wati 60 zote zikienda kwenye taa, ni 6000, na sehemu kubwa ya mwanga huo inapotea ndani ya mashine kabla ya kufika kwenye shuka. Kwa hiyo 8000 haiwezekani, hata muuzaji aape. Mara nyingi mashine ya namna hiyo inabaki na mia chache, sawa na mishumaa ishirini au thelathini. Kwa shuka la mita moja na nusu, ndani ya nyumba, usiku, na familia moja, inafaa kabisa. Kwa uwanja wa watoto mia, hapana.

Ile ya lumeni 3000 za kweli, yenye taa ya zamani, inakula wati 200 hadi 300. Kabla ya kulipa, muulizeni mwenye jenereta mafuta ya saa mbili ni bei gani, na mwombeni muuzaji aiwashe mbele yenu kwenye chumba chenye giza, kwenye shuka lenu wenyewe.